Mpingo na mbao gani nyeupe kwa sataranji ya kutengeneza mwenyewe? Nipo Mbeya

Seremala_Uyole:
Wakuu salaam. Nataka kutengeneza ubao wa sataranji na kete zake kwa mkono. Upande mweusi nimeshaamua, mpingo. Mweupe ndio unanisumbua: paini, mgrivea au mparachichi? Kesho kutwa nateremka Mwanjelwa kununua mbao, nipeni mawazo kabla hela haijatoka.

Mnyalukolo:
Kamwene. Mkuu, yote ya muhimu umeyaficha. Mraba una sentimita ngapi? Ni ya kuchezea au ya kupamba sebule? Una mashine ya kukereza au ni kisu na msasa tu? Bila hayo tutapiga ramli.

Mzee_wa_Mafinga:
Paini. Nyeupe, inakubali randa, haina mbwembwe za bei. Sisi wa Mufindi tumejengea nayo na kulalia vitanda vyake, sijui vijana mnaidharau kwa lipi.

Kete32:
Shikamoo mzee, ila hapo nakupinga. Paini kwa miraba sawa, kwa kete hapana. Ibonyeze kwa ukucha uone inavyobaki na alama. Halafu uzito: mpingo ukiutia majini unazama, paini inaelea. Mmoja atakuwa ameshika jiwe, mwenzake kizibo cha chupa.

Seremala_Uyole:
Ni zawadi ya shemeji, na anacheza kwelikweli. Mraba sijaamua, nilifikiria sentimita 4 hivi.

Kete32:
4 ni ndogo kwa mtu anayecheza kweli. Kipimo cha FIDE, shirikisho la sataranji duniani, ni mfalme wa sentimita 9.5 na mraba wa 5 hadi 6. Chukua 5.5, utapata ubao wa sentimita 44 kabla ya fremu. Na tafadhali usiweke mpingo kwenye miraba. Farasi mweusi juu ya mraba mweusi, usiku kwa taa hafifu, humwoni mpaka akule malkia. Mpingo ubaki kwenye kete, miraba ya giza iwe mninga.

Mama_Msasa:
Nyie mnabishana rangi, mimi nauliza mbao ni kavu? Mwaka juzi nilimpa fundi mmoja hapa Iringa kazi kama hiyo, mninga na mgrivea. Muuzaji aliapa mbao zimekaa stoo muda mrefu. Fundi akakata miraba minene, akaigandisha kwa gundi, kisha akaibana na fremu: gundi pande zote nne na misumari juu yake. Siku ya kuuchukua ulikuwa unang'aa, nikamlipa yote. Kiangazi kilipoingia na ule upepo wetu, miraba ikaanza kuachana. Sarafu ya shilingi 50 ilikuwa inaingia katikati ikiwa imesimama! Nikarudi, akajaza gundi na vumbi la mbao, akapiga vanishi upya. Masika yalipokuja mbao zikavimba, hazina pa kwenda, pembe mbili za fremu zikafumuka. Nilipompigia tena akasema nimeuweka karibu na jiko. Jiko liko nje!
Mbao hucheza kwa upana, siyo kwa urefu. Kata vipande vyembamba ubandike juu ya plaiwudi, au fremu iwe na mfereji ambamo ubao unachomekwa bila gundi ili upumue.

Mzee_wa_Mafinga:
Huyo fundi alikuwa mwizi, kosa si la mbao.

Mama_Msasa:
Baba, sijailaumu mbao. Soma tena.

Mkulima_Mbozi:
Nashangaa hakuna aliyeutaja mbuni, mti wa kahawa. Tukikata mibuni mizee huku kwetu, mashina mengi yanaishia jikoni, na ule mti ni mweupe, mgumu, nyuzi zake zimebanana. Kwa miraba hautoshi maana shina ni jembamba, lakini askari na ngome zinatoka vizuri. Chagua shina nene ili kete itoke pembeni, moyo wa mti usiwe katikati, vinginevyo itapasuka. Ukishakata, paka nta au rangi kwenye ncha, uweke kivulini. Mparachichi achana nao, wadudu wanaupenda mno.

Mnyalukolo:
Mbuni sawa, lakini farasi hakerezwi, anachongwa kwa mkono. Ndiyo maana niliuliza habari ya mashine na sijajibiwa hadi sasa. Mpingo nao vaa barakoa, vumbi lake linawasha. Una mafuta pia: kabla ya kubandika chochote futa kwa tina, la sivyo gundi haishiki.

Kete32:
Kuna njia nyingine. Gogo la mpingo lina sehemu ya nje karibu na gome, rangi ya maziwa. Ukipata gogo lenye sehemu hiyo nene, kete nyeusi na nyeupe zinatoka mti mmoja.

Mzee_wa_Mafinga:
Na kibali cha kusafirisha hilo gogo? TFS, wakala wa misitu, wakikukuta nalo barabarani bila karatasi utacheza sataranji mahabusu. Chezeni drafti kwa visoda, hakuna anayewauliza.

Mnyalukolo:
Mzee, drafti unaijua au unaisema tu? Njoo Kihesa jioni.

Mzee_wa_Mafinga:
Jumamosi nipo huko. Andaa soda.

Seremala_Uyole:
Asanteni wote. Mkulima, hayo mashina ya mbuni unayauza? Naweza kufika Vwawa wiki ijayo. Ila mgrivea bado naupenda kwa miraba, una yale madoa mazuri.

Mama_Msasa:
Uwe mkavu tu.