Ni lini hasa Marekani iligawanyika? Mnaozijua siasa zao njooni mnisaidie

kijana_wa_kimara:
Wakuu habari za usiku. Kuna ubishi hapa nyumbani hauishi. Shemeji yangu kashikilia kwamba Marekani imegawanyika kwa sababu ya Trump tu, kabla yake eti watu walikuwa wanashindana leo kesho wanakula meza moja. Mimi namwambia Trump kakuta moto unawaka, yeye kaja na petroli. Akanibana, haya niambie moto uliwashwa lini na nani, nikaanza kujiumauma, mara Septemba 11, mara vita ya Iraq, mara Obama, kila nikitaja tukio yeye anacheka. Sasa nyie mnaofuatilia, kama mngeruhusiwa kutaja tukio MOJA tu kuanzia miaka ya 80 mpaka leo, ambalo baada yake nchi ile haikurudi ilivyokuwa, mngetaja lipi na kwanini? Msinipe orodha ya matukio kumi, orodha hata yeye anayo.

Kura_Moja:
Florida, Novemba 2000. Wala sijiulizi mara mbili.

Wengi wanakumbuka kwamba kwenye uchaguzi wa rais Bush wa Republican alimpita Gore wa Democrat kwa kura 537 kati ya karibu milioni 6 za jimbo lile halafu wanaishia hapo, ila uhondo uko kwenye karatasi yenyewe ya kupigia kura. Kaunti ya Palm Beach ilitengenezewa karatasi yenye majina kulia na kushoto, matundu ya kutoboa yako katikati. Kushoto wa kwanza Bush, wa pili Gore. Lakini tundu la pili lilikuwa la Pat Buchanan, mgombea wa chama kidogo, ambaye jina lake liko upande wa kulia, tundu la Gore likawa la tatu! Sasa fikiria bibi mstaafu wa miaka 80 na miwani yake, kaona Gore ni wa pili, katoboa tundu la pili, kaenda zake nyumbani na amani moyoni. Buchanan akaokota kura 3,407 kaunti ile, mpaka mwenyewe akasema kwenye TV kwamba nyingi haziwezi kuwa zake.

Baada ya hapo ni wiki tano za maofisa kunyanyua kadi kwenye mwanga na kukodoa macho, wanabishana kama kile kijikaratasi kimetoboka chote, kinaning'inia au kimebonyea tu. Tarehe 12 Desemba Mahakama ya Juu ikafunga zoezi, majaji 5 kwa 4, Bush akawa rais, maana kule ushindi unahesabiwa jimbo kwa jimbo, wakati nchi nzima Gore ndiye aliyekuwa na kura nyingi, zaidi ya laki tano mbele. Tangu siku ile kila chama kikaanza kujipanga na mawakili kabla hata kampeni haijaanza. Mkitaka kuielewa Januari 6, 2021, siku wafuasi wa Trump walipovamia Bunge, anzieni hapo.

Deiwaka_Michigan:
Kura_Moja nakuheshimu sana mkuu ila hayo ya vijikaratasi ni ya watu wa vyuoni. Gore alikubali kushindwa kesho yake na hakuna aliyevunja hata kioo cha dirisha.

Mimi niko huku kaunti ya Macomb, kaskazini mwa Detroit, naendesha lori, na nakwambia kilichowageuza majirani zangu ni 2008. Benki kubwa ya Lehman Brothers ilianguka tarehe 15 Septemba, wiki mbili baadaye Bunge la Wawakilishi likakataa mswada wa kuyaokoa mabenki na siku hiyohiyo soko la hisa la Wall Street likaporomoka pointi 777, wakaogopa, Oktaba 3 wakaupitisha, dola bilioni 700. Ruka sasa mpaka mwaka uliofuata uje mtaani kwetu. Nyumba hii ina tangazo la mnada mlangoni, inayofuata nyasi zimefika magotini, ya tatu wezi wameng'oa mabomba ya shaba ukutani ukipita usiku unasikia maji yanamwagika ndani kwenye giza. Kampuni ya magari ya General Motors nayo Juni 2009 ikakimbilia kinga ya kufilisika. Mzee wa jirani alifanya kazi kiwanda cha magari tangu kijana, akawa ananiuliza mimi mtu wa kuja, hivi mbona wenye benki hatuoni hata mmoja amefungwa?

Na hapa ndipo shemeji yako anapokosea. Macomb hii hii ilimpa Obama 2008, ikampa tena 2012, halafu 2016 ikamgeukia Trump. Watu walewale, si wengine walioletwa na basi. Trump kaichukua Michigan nzima kwa kura 10,704, yaani hata uwanja mdogo wa mpira hazijai. Mnaosema ni ubaguzi wa rangi tu sibishi kwamba upo, naishi nao, ila mtu aliyempigia Obama mara mbili akahama unamweleza vipi?

Babu_Redio:
Vijana mnaanza hadithi katikati. Huyo mzee wa kiwandani wa Deiwaka alipoteza ubavu zamani sana kabla ya Lehman.

Tarehe 3 Agosti 1981 waongoza ndege karibu 13,000 waligoma, wanataka mshahara na saa chache za kazi. Kwa sheria ya Marekani mtumishi wa serikali kuu haruhusiwi kugoma. Reagan akatoka akawapa saa 48, zilipoisha akafukuza zaidi ya 11,000 kwa mpigo na kuwapiga marufuku wasirudi kazi ile, mpaka Clinton alipoiondoa marufuku hiyo 1993. Kinachouma ni kwamba chama chao kilikuwa kati ya vyama vichache vya wafanyakazi vilivyomuunga mkono huyohuyo Reagan kwenye uchaguzi wa 1980! Na Reagan mwenyewe aliwahi kuwa rais wa chama cha waigizaji, mgomo anaujua ndani nje.

Matajiri wa viwanda binafsi wakaliangalia lile wakaelewa, kumbe unaweza kufukuza wote na ndege zikaendelea kuruka. Migomo mikubwa ikapungua mwaka hadi mwaka. Nilifuatilia kwenye redio wakati ule nikidhani ni habari ya viwanja vya ndege.

Achieng_KSM:
Niaje wadau. Mimi naungana na Kura_Moja lakini amewacha mambo kwa njia. Ule uamuzi wa 2000 haukuisha 2000. Kati ya mawakili waliosaidia upande wa Bush kwa ile kesi ya Florida walikuweko John Roberts, Brett Kavanaugh na Amy Coney Barrett. Sasa hesabu majaji wa Mahakama ya Juu leo. Wote watatu wako ndani, na Roberts ndiye Jaji Mkuu, aliwekwa na Bush mwenyewe 2005.

Angalia vile hiyo korti ilijazwa. Februari 2016 Jaji Scalia akafariki, Obama akateua Merrick Garland kujaza nafasi yake, maseneta wa Republican wakakataa hata kumpa kikao, ati uchaguzi uko karibu wacha wananchi waamue, na ilikuwa imebaki karibu miezi tisa! 2020 Jaji Ginsburg akafariki Septemba 18, Barrett, chaguo la Trump, akapitishwa Oktoba 26 na uchaguzi ni Novemba 3. Hapo wananchi hawakungojewa. Juni 24, 2022 korti hiyo ikafuta haki ya kutoa mimba iliyokuwako tangu 1973, kila jimbo likaachiwa kujiamulia, na Roberts pekee ndiye hakutaka kwenda umbali huo kati ya wale sita wa kihafidhina. Mwanamke wa Texas anasafiri mpaka New Mexico kutafuta daktari kwa sababu ya safu iliyoanza kupangwa kitambo. Huko kwetu Kenya korti ilifuta uchaguzi wa rais 2017 tukarudia, kwa hivyo mimi siogopi majaji kuamua uchaguzi, shida ni pale unajua jaji atasema nini kabla afungue kinywa.

Deiwaka_Michigan:
Hiyo ya mawakili watatu sikuijua, nimeenda kuangalia ni kweli kabisa duh. Ila bado nabaki na 2008 yangu, mahakama haikumfukuza mtu kwenye nyumba mtaani kwetu, benki ndiyo ilifanya.

kijana_wa_kimara:
Asanteni sana wakuu, babu shikamoo. Nimemsomea shemeji ya Florida kanyamaza kwanza, halafu kaniuliza swali gumu zaidi: kama Gore alijua kaibiwa kwanini hakudai jimbo zima lihesabiwe upya?

Kura_Moja:
Shemeji yako si mchezo. Kuibiwa ni neno lake, mimi sijalisema. Florida ina kaunti 67, Gore aliomba nne tu zihesabiwe kwa mkono, Palm Beach, Broward, Miami-Dade na Volusia, zote ngome zake. Timu ya Bush ikapata la kusema, huyu anatafuta kura kwenye mashamba yake tu. Mwaka 2001 vyombo vikubwa vya habari vikaungana vikazichambua upya kadi zenye utata za jimbo zima, ikaonekana kwa zile kaunti nne alizoomba Bush angebaki mshindi. Wangehesabu zote za jimbo zima, Gore angeweza kushinda kwa kura chache sana. Mwambie hivyo halafu utupe mrejesho.