Muungano wa saraka kwenye kerneli: njia ya Plan 9 au ya OverlayFS?

kiini_tupu: Wakuu, naandika kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ndogo. Nataka kupachika saraka (folda) mbili mahali pamoja kama tabaka, ya chini isomwe tu, ya juu iandikwe. Niunganishe ndani ya VFS (sehemu ya kerneli inayosimamia mifumo yote ya faili) kama mfumo endeshi wa Plan 9, au niandike mfumo wa faili kamili unaokaa juu ya mingine kama OverlayFS ya Linux?

Mzizi: Ya pili. Ukiuweka muungano kwenye VFS, kila utafutaji wa jina unapita humo, hata wa asiyehitaji tabaka. Kwenye Linux union mount (muungano wa ndani ya VFS) haikuwahi kuingia; OverlayFS iliingia toleo 3.18, Desemba 2014. Aufs, mfumo mwingine wa aina hiyo, pamoja na mbwembwe zake zote, ipo nje ya kerneli rasmi mpaka leo.

bitimoja: Taratibu mkuu. Plan 9 ni rahisi kwa sababu haiunganishi vijisaraka, ni ngazi moja tu. Kama shida ni kukusanya programu kwenye /bin, inatosha kabisa.

Mzizi: Jamaa anataka kuandika, na ya chini isiguswe. Mtu akifuta faili iliyoko chini utafanyaje? OverlayFS inaweka juu kifaa cha herufi (faili maalumu) namba 0/0 chenye jina lilelile, basi jina linafichika. Saraka ikifutwa kisha ikaundwa upya, iwekee alama ya kuziba (kwamba saraka ya chini isionekane), la sivyo vya zamani vitaibuka.

sajili7: Hapo bado hujafika penye kazi. Programu A imefungua faili ya chini kusoma. B inaifungua kuandika, na faili nzima inanakiliwa juu, hata kama ni gigabaiti 4 na B anaongeza baiti moja. A bado anasoma ya zamani! Nakala iandae kwenye saraka ya kazi iliyo kwenye mfumo wa faili mmoja na tabaka la juu, kisha ibadili jina kwa mkupuo (hatua moja isiyokatika), umeme ukikatika usibaki na nusu faili. Kwa chmod tu (kubadili ruhusa), Linux 4.19 ilileta metacopy, yaani kunakili taarifa za faili bila maudhui yake. Wewe iache kwanza.

kiini_tupu: Na kubadili jina la saraka ya chini?

Mzizi: Rudisha EXDEV (kosa la "mfumo wa faili tofauti"). Amri ya mv itanakili yenyewe.

kiini_tupu: Poa, naenda na ya pili, tabaka mbili tu. Kuorodhesha vilivyomo kwenye saraka je?

bitimoja: Soma juu kwanza, kisha chini, ruka yaliyojirudia na yaliyofichwa. Orodha ikae kwenye kumbukumbu hadi saraka ifungwe. Saraka iliyopo tabaka moja tu, ipitishe moja kwa moja.