Huyu "Hamza" wa ukutani Los Angeles, mchoraji wake nani?

Fundi Mabango (Tanga)

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni fundi wa mabango, mwaka wa 19 huu naandika DUKA LA DAWA na kuchora kuku wa chipsi. Juzi mpwa wangu aliyeko Marekani kanitumia picha ya ukuta wa jengo refu Los Angeles, mzee mmoja kachorwa kuanzia chini hadi juu, mikono kaitandaza. Mama yangu akachungulia simu: "Mbona Hamza anacheza ngoma?" Marehemu baba alikuwa na mkanda wa The Message, ile filamu ya mwanzo wa Uislamu yenye Hamza, ami yake Mtume, kila Ramadhani tunauweka, kwa hiyo sura ile nyumbani kwetu ni ya ndugu.

Nina maswali mawili. Kwanza, nani kachora? Pili, nimepewa kazi ya kuchora sura ya mtu kwenye ubavu wa ghala, urefu wa ghorofa tatu. Nikajaribu kwanza kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba. Nikiwa juu ya ngazi naona safi. Nikishuka na kurudi nyuma hatua ishirini, pua imekwenda Pangani.

Dereva wa Usiku

Mkuu, ukuta huo naujua, nilikuwa nashusha mizigo mtaa wa tatu karibu na Broadway. Mama yuko sahihi. Huyo ni Anthony Quinn, mwigizaji aliyecheza Hamza kwenye The Message, ila pale hachezi Hamza. Mikono ile ni ya Zorba, yule Mgiriki wa filamu ya 1964. Mchoro unaitwa Pope of Broadway, yaani Baba Mtakatifu wa Broadway, una urefu wa futi kama 70, na mchoraji ni Eloy Torrez, Mchicano aliyezaliwa New Mexico mwaka 1954. Aliuchora 1985.

Kwa wasiojua, Wachicano ni Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Na Quinn mwenyewe kazaliwa Chihuahua, Meksiko, mwaka 1915, akakulia Los Angeles upande wa mashariki. Hollywood ilimfanya Mwarabu, Mgiriki, kila kitu. Torrez akamrudisha Broadway, mtaa ambao miaka ile Jumamosi unasikia Kihispania tu, familia nzima zinatafuta nguo za harusi. Jengo lenyewe lilikuwa duka la nguo, Victor Clothing. Ndani yake John Valadez, Mchicano mwingine, alichora wapita njia wa mtaa huohuo, 1981. Huyo alikuwa anawapiga picha watu barabarani kwanza, kisha anawachora kama walivyo, na mifuko yao ya plastiki. Mimi binafsi namkubali Valadez zaidi. Quinn ni staa, atapendeza tu. Mama aliyechoka na mizigo mkononi, huyo ndiye mtihani.

Jua la kule halina huruma. Quinn alipauka mpaka akawa kama kanga ya miaka kumi, Torrez akarudi mwenyewe kumpaka upya, kazi ikaisha 2017. Fikiria, miaka thelathini na kitu baadaye unapanda tena ukuta uleule.

Binti Saidi

Msisahau Omar Mukhtar, yule mpiganaji wa Libya dhidi ya Waitaliano! Kwenye filamu ya Lion of the Desert, 1981, aliyemwigiza ni Quinn huyohuyo. Kwetu Mombasa babu hakukubali kabisa kwamba Quinn si Mwislamu. Tulimwacha hivyohivyo.

Mzee Brashi

Fundi, turudi kwenye pua. Kosa lako ni kuchora kwa macho ukiwa umbali wa mkono. Chukua picha ndogo, igawe miraba kwa penseli, tuseme 10 kwa 14. Ukutani piga miraba ileile kwa uzi wenye chaki, yote ya ukubwa mmoja, kisha ipe herufi kwa upana na namba kwa urefu. Kisha sahau kwamba unachora pua. Chora mraba wa C7: mstari unaingia kona ya kushoto, unatokea katikati ya chini. Basi.

Halafu swali la kujiuliza: watu wataangalia wakiwa wapi? Kama ni barabarani, kwa chini, kidevu kitaonekana kikubwa na paji fupi. Refusha paji kidogo. Na uweke rangi ya msingi kwanza, ukuta mkavu, usianze kwenye chokaa, itabanduka na sura yote.

Fundi Mabango (Tanga)

Ahsante sana, Mzee Brashi, shikamoo. Leo nimepiga uzi nyuma ya nyumba, mwanangu kashika ncha ya chini. C7 imetoka jicho. Mama kapita na ndoo, kasimama, kasema, "Huyu sasa anafanana na mtu. Mtu gani, bado."

Mwenye ghala anataka nianze Jumatatu. Mwenye jukwaa la kukodisha Tanga mjini aniandikie faragha tafadhali, ngazi yangu inaishia kidevuni.