Mwarobaini kwa kutu ya maharage, inakubali kweli?

mkulima_mbozi: Wakuu habari, maharage yangu ndo yanaanza kutoa maua na mvua huku haikatiki, chini ya majani kuna vidoti vya kahawia ukigusa vinaacha unga kidoleni. Dawa za dukani bei imepanda sana, jirani ananiambia nitwange mwarobaini. Kuna mtu imemkubalia?

mama_shamba: Hiyo ni kutu mkuu, ugonjwa wa ukungu. Mwarobaini unasaidia zaidi kama kinga, ukungu ukishaingia ndani ya jani hautoki kirahisi. Twanga majani mabichi loweka usiku kucha, chuja vizuri kwa kitambaa nozeli ya bomba la kupulizia isizibe, weka sabuni kidogo ishike kwenye jani, halafu piga jioni maana jua linaharibu nguvu yake, na ulenge CHINI ya majani huko ndo ugonjwa ulipo. Mvua ikiosha rudia.

kijana_wa_uyole: Naongezea, kitunguu saumu nacho kinapunguza ukungu ila ile nguvu inatoka ukishakitwanga na haikai, tumia siku hiyohiyo. Na jamani tusiingie shambani majani yakiwa na maji, tunasambaza wenyewe. Msimu ujao badilisha, panda mahindi hapo, na uulizie TARI Uyole (kituo cha utafiti wa kilimo, Mbeya) mbegu zinazovumilia kutu, hiyo ndo naiamini kuliko dawa yoyote.

mkulima_mbozi: Asanteni sana. Naweza kuchanganya vyote viwili?

mama_shamba: Unaweza, ila anza na mistari michache usubiri uone, ikiwa kali sana inaunguza majani na maua.