Prof wa Ulaya anataka tufanye utafiti pamoja juu ya EPU, jina langu litaingia?

asistanti_lshi: Bakubwa salamu. Niko asistanti ku droit hapa Lubumbashi, sasa kuko prof moja wa Ubelgiji anatafuta mutu wa kufanya naye utafiti juu ya EPU (Examen Périodique Universel ya ONU), ile ya nchi kukalishana Genève kila miaka 4 na nusu na kuulizana habari za haki za binadamu. Anataka nihoji ba ONG juu ya watoto wenye kuchimba mu migodi, nimutumie sauti, kuandika ataandika yeye. Jina langu litaingia mu article ao nitapata tu "asante" kule chini? Na ile data naweza kuitumia kwa teze yangu?

mama_droit_bkv: Mudogo, uliza mbele ya kuanza. Muandikiane hata ukurasa moja ku email: nani anaandika nini, majina yanafuatana namna gani, data inabakia kwa nani. Akikatala kuandika, umeshapata jibu. Na majina ya bale utahoji uyafute mbele ya kutuma, juu shida ikitokea hawatapiga hodi Bruxelles, watapiga kwako.

kichwa_ngumu: Mi ningebadilisha hata kazi yenyewe, mahojiano peke yake inakufanya karani tu. Rapo za EPU ziko bure ku intaneti, na UPR Info, ile ONG ya Genève (UPR ni EPU ku Kingereza), iko na bazi ya data ya mapendekezo yote nchi zinapeana: nani alitoa, nchi ilikubali ao "ilichukua nota" (kule hakuna mwenye anasema nakatala, ni mambo ya diplomasia). Congo ilishapita 2009, 2014, 2019 na Novemba 2024. Angalia hukumu ya kifo: haikutekelezwa tangu 2003, balikuwa banatuomba tuifute kabisa, kisha Machi 2024 serikali ikaondoa moratoriamu (ile ya kusimamisha kuua watu), na mu mwaka ule ule tukaenda kukaa mbele ya bengine. Hapo kuko article! Musome mapendekezo yale yale kila mutu peke yake, muyapange mu makundi, kisha mulinganishe mahali hamukupatana. Ukifanya ile, nani atakutosha ku majina?

mama_droit_bkv: Kaka sawa, lakini asiache mahojiano. Bazi inaonesha tu kilichosemwa Genève, haioneshi kama mugodini kitu kilibadilika. Ile ni wewe mudogo unaiweza, prof wa kule hapana, na umuambie vile mu email.

asistanti_lshi: Aksanti mama, aksanti kaka. Naandika email leo mangaribi. Kuko mwenye iko na modeli ya ile karatasi ku Kifaransa?