PostgreSQL 13 kwenda 17: dampu, pg_upgrade au replikesheni?

fundi_zamu: Wakuu, nina seva ya Debian 11 (Linux) yenye PostgreSQL 13, programu ya kanzidata, na tangu Novemba 2025 toleo hilo halitolewi tena viraka vya usalama. Kanzidata ni GB 300, diski imebakiza GB 90. Ni mfumo wa mauzo. Kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri hakuna mteja. Nipite njia gani?

kaskazi: Dampu (kumwaga data yote kwenye faili, kisha kuipakia kwenye toleo jipya) ndiyo safi kuliko zote. Kila kitu kinaandikwa upya, na 13 inabaki ilivyo ukitaka kurudi. Ila GB 300 utaiweka wapi? Na hata kwa `pg_restore -j 8`, yaani kurejesha kwa kazi 8 sambamba, kinachokula usiku ni kujenga indeksi (orodha za kutafutia data haraka). Ingekuwa GB 10 ningekwambia dampu ukalale.

bi_terminali: pg_upgrade (zana ya kupandisha toleo bila dampu) kwa `--link`, mkuu. Hainakili faili za data, inaziunganisha tu palepale, kwa hiyo diski yako inatosha na kazi ni ya dakika chache. Kwenye Debian, ukisakinisha 17 inajitengenezea klasta tupu (mahali pa kanzidata za toleo hilo), kwa kawaida poti 5433. Iondoe:

`pg_dropcluster --stop 17 main`

kisha:

`pg_upgradecluster -v 17 -m upgrade --link 13 main`

Ukisahau `-m upgrade` inakwenda kwa dampu, na hapo ndipo diski itajaa.

kaskazi: Dada, mwambie na ubaya wake. Ukishaiwasha 17 baada ya `--link`, 13 haifai kuwashwa tena. Kurudi ni kwa bakapu tu.

mzee_wa_indeksi: Replikesheni ya kimantiki (kupeleka mabadiliko ya data kwenye seva mpya huku ya zamani ikiendelea na kazi) ni ya wasioweza kuzima hata robo saa. Inataka mpangilio wa `wal_level=logical`, yaani seva iwashwe upya; muundo wa majedwali unaupeleka mwenyewe; jedwali lisilo na ufunguo msingi (kitambulisho cha kila mstari) linakwama kwenye UPDATE na DELETE. Sikwensi (vihesabu vya namba) nazo hazihamishwi, kwa hiyo risiti ya kwanza asubuhi inagongana na namba iliyokwisha kutumika. Mwenye saa nne za usiku anajitafutia nini huko?

bi_terminali: Kweli. Na ukimaliza usifungue duka kabla ya `vacuumdb --all --analyze-in-stages`. Takwimu za kipanga hoja (sehemu inayochagua njia ya kutafuta data) zilianza kuhamishwa na pg_upgrade ya 18. Wewe unaenda 17, utaanza bila takwimu na hoja zitatambaa. Halafu Debian yenyewe usiipandishe usiku huohuo. glibc (maktaba ya msingi ya Linux) ikibadilika, mpangilio wa herufi unaweza kubadilika na indeksi za maandishi zikataka REINDEX, yaani kujengwa upya. Waliotoka Debian 9 kwenda 10 wanaijua hiyo.

fundi_zamu: Basi ni `--link`, baada ya `pg_basebackup` (bakapu ya klasta nzima) kwenda mashine nyingine. Natumia PostGIS (nyongeza ya data za ramani) pia, kuna shida?

mzee_wa_indeksi: Weka pakiti ya PostGIS ya 17 kwanza, ndipo uendeshe `pg_upgrade --check`, ambayo ni ukaguzi tu. Unaweza kuiendesha mchana, 13 ikiwa hewani. Ikilalamika, sogeza zoezi usiku mwingine.