Baba anataka kuigusa barafu ya Kilimanjaro kabla haijaisha. Nimpeleke?

Binti wa Kisauni:
Assalamu alaykum wanajamvi. Baba yangu ameendesha lori la Mombasa hadi Taveta miaka mingi. Alfajiri akifika Maktau, mlima ulikuwa ukimchungulia, mweupe juu ya mawingu. Sasa ana miaka 61, amestaafu, na anasema weupe ule umepungua akiuona kwa macho yake. Anataka afike aiguse kwa mkono. Ana presha, anameza dawa kila siku. Pesa tulizonazo zinatosha siku tano za njia ya Marangu. Ndugu zangu wanasema nimkatalie. Nishaurini.

Mpagazi wa Zamani:
Waalaykum salaam dada. Siku tano ni chache kwa watu wanaotoka usawa wa bahari. Ongezeni moja, mlale kambi ya Horombo (mita 3,720) siku mbili. Mchana wa katikati mnapanda hadi kwenye mawe ya mistari, yale ya pundamilia, kisha mnarudi kulala chini. Nimeona wengi wakishindwa kwa kuibana siku hiyo.

Kuhusu kugusa, nikwambie ukweli. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, hakipo juu ya barafu. Ukitoka Stella, pale ukingoni mwa kreta (shimo la volkano), barafu ya kusini iko kushoto kwako, kuta za samawati, lakini mbali na njia na chini ni mteremko mkali. Ile kubwa ya kaskazini iko ng'ambo ya kreta. Wanaotaka kuikaribia hulala ndani ya kreta, karibu na mabaki ya barafu ya Furtwängler, juu ya mita 5,700. Hapo mimi nisingemlaza mzee wa presha.

Mwalimu wa Mwatate:
Mzee hajakosea. Mwaka 1912 barafu ya Kibo, kile kilele kikuu cha Kilimanjaro, ilikuwa takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa imeondoka. Na haiyeyuki tu: jua na hewa kavu huigeuza mvuke moja kwa moja, ndiyo maana kingo zake zimesimama wima kama ukuta.

Kabla ya yote, mleteni Taita apande Vuria, mita 2,208. Mtajua magoti yake yanasemaje. Baadaye ni Voi, Taveta, mnavuka mpaka wa Holili, Moshi si mbali. Bebeni kadi ya homa ya manjano.

Nesi wa Likoni:
Mwanangu, daktari kwanza, kabla hamjalipa senti kwa mtu. Mwulize presha imetulia au la, na dawa zake zinaelewana vipi na Diamox, ile dawa ya kuzuia maradhi ya kupanda juu sana. Hiyo nayo hukojoza, msimpe kwa kubahatisha. Kule juu akiumwa kichwa na kutapika, hapandi tena. Akianza kuyumba akitembea, au kukosa pumzi hata akiwa ameketi, anateremshwa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Binti wa Kisauni:
Nimemsomea baba yote. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza: kutoka kwenye yale mawe, Kibo inaonekana?

Mpagazi wa Zamani:
Kukiwa hakuna wingu, inaonekana wazi mbele yake, na barafu iliyobaki juu. Mwambie atoke mapema.

Binti wa Kisauni:
Basi amesema hapo panamtosha, na mengine daktari ataamua. Jumatatu tunaenda kliniki. Jumamosi nampeleka Kongowea tukatafute jaketi nzito za mitumba.